Nywila ya Nini? Kisanduku Kinachouliza Bila Kueleza

Lamadi, wilayani Busega, ni njiapanda: barabara ya Mwanza kwenda Musoma hukutana hapo na ile ya Bariadi. Katika miji ya aina hii, kijana aliyemaliza kidato cha sita akitaka kuomba mkopo wa elimu ya juu huenda steshenari, kwa sababu maombi hujazwa mtandaoni na nyumbani hakuna kompyuta. Jambo la kwanza analokutana nalo kwenye skrini ni kisanduku kinachotaka nywila.

Nywila ni mfuatano wa herufi, tarakimu na alama anaoujua mwenye akaunti peke yake. Mfumo huutumia kuthibitisha kwamba anayeingia ni yeye. Namba ya siri ya simu hufanya kazi hiyohiyo kwa tarakimu chache. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo muuza dagaa ambaye hajawahi kugusa kibodi anaitunza namba yake bila shida. Kwa nini basi akwame kwenye kompyuta?

Tuangalie kwanza simu inavyouliza. Ujumbe wa menyu kwenye simu ya kitochi hauzidi herufi 182, kwa hiyo mwandishi wake hulazimika kuchagua maneno. Mara nyingi husomeka hivi: unatuma shilingi 20,000 kwa fulani, weka namba ya siri kuthibitisha. Kabla hajabonyeza chochote, mtumaji ameshajua pesa ni kiasi gani, zinakwenda kwa nani, na akiweka namba kitatokea nini.

Sasa tuje kwenye fomu ya kufungua akaunti kwenye kompyuta. Kuna kisanduku cha baruapepe, na chini yake kisanduku cha nywila. Nywila ya nini? Aliyetengeneza mfumo alikusudia nywila mpya, ya akaunti inayofunguliwa sasa hivi. Lakini msomaji anaona mistari miwili iliyofuatana, naye anaielewa kama jambo moja: baruapepe yangu, na nywila ya baruapepe hiyo. Anaandika ileile anayofungulia Gmail. Akaunti inafunguka, kwa hiyo hakuna anayegundua kosa. Hata hivyo, nywila ya barua zake sasa imekabidhiwa mfumo wa pili, na siku akiibadilisha kule Gmail, huku inabaki ya zamani. Atakuja kusema mfumo umemkataa, na kwa jinsi alivyoelewa swali, ana haki ya kushangaa. Sentensi moja ingetosha: “Tunga nywila mpya ya akaunti hii, usitumie ya baruapepe yako.”

Linalofuata ni masharti. Fomu nyingi hungoja mtu amalize kuandika ndipo zimwambie kwamba ilitakiwa herufi kubwa, tarakimu na “herufi maalumu”, bila kusema kwamba hiyo maana yake ni alama kama # au @. Desturi ya kudai mchanganyiko huo ilienea baada ya mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo iligeuka: ilishauri watu wasilazimishwe kuchanganya herufi za aina mbalimbali, urefu wa nywila upewe uzito, na mtumiaji aruhusiwe kuona anachoandika badala ya vidoti. Kuona kuwe kwa hiari, maana steshenari ina macho mengi.

Kuna ujumbe mmoja ambao haueleweki kwa makusudi: “Jina au nywila si sahihi.” Mfumo ukitaja kilichokosewa, mwizi atajua ni akaunti zipi zipo kweli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kumkumbusha mtu kwamba kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, au kumwonyesha njia ya kupata nywila mpya, hakumsaidii mwizi hata kidogo.

Utata huu una gharama. Mteja asipoelewa swali, anayemjazia fomu humtungia nywila na kuiandika kwenye daftari la dukani. Kuanzia hapo siri ina watu wawili, na mmoja wao kesho anaweza kuhama mji.

Kwa hiyo lawama ya kwanza naiweka kwa waandishi wa fomu, kabla ya kumfikia anayeitwa mshamba wa kompyuta. Wanaojenga mifumo ya umma waipeleke fomu steshenari kabla ya kuizindua, wamwombe mteja aeleze kwa maneno yake anachoulizwa. Na wewe unayejaziwa fomu, ukifika kwenye kisanduku hicho omba kibodi, uchape mwenyewe.