Kwa nini virusi vya homa ya ini B hung'ang'ania ini

Mtoto wa Kisarawe akifikisha wiki 6 hupelekwa kliniki kudungwa chanjo ya pentavalenti pajani, kisha hurudishwa akiwa na wiki 10 na 14. Chanjo hiyo hukinga magonjwa matano, mojawapo homa ya ini B. Virusi vyake husambaa kwa damu na majimaji ya mwili, lakini makazi yao hasa ni ini. Kwa nini?

Seli ya ini na ya jicho zina jeni zilezile, takriban 20,000. Tofauti ni jeni zipi ziko kazini. Hapo ndipo inapoingia enhansa, kipande cha DNA kisichotengeneza protini yoyote bali huamsha jeni. Protini maalumu zikinata juu yake, uzi wa DNA hujikunja, na enhansa iliyokuwa mbali kwa maelfu ya herufi ikakaribiana na mwanzo wa jeni. Jeni huanza kunakiliwa kwa kasi.

Ini lina protini zake za kazi hiyo, zikiwemo HNF1 na HNF4. Kwa msaada wake hutengeneza gramu zaidi ya 10 za albumini, protini ya damu, kila siku. Ini likichakaa, albumini hupungua, maji yakavuja kutoka mishipani, miguu na tumbo vikavimba. Jichoni jeni ya albumini imelala.

DNA ya virusi vya homa ya ini B ina herufi 3,200 hivi tu, lakini imebeba enhansa mbili, nazo huamshwa na HNF hizohizo. Ikishaingia kwenye kiini cha seli hujifunga duara, na ini lenyewe likageuka mtumishi wa adui.

Dawa ya tenofovir huzuia virusi kutengeneza DNA mpya, ila duara lile hubaki. Ndiyo maana wengi huitumia kwa miaka, na kuiacha bila ushauri wa daktari ni hatari.

Mtoto mchanga akiambukizwa na mama, uwezekano wa ugonjwa kuwa sugu ni takriban asilimia 90. Kwa mtu mzima hauzidi asilimia 5. Tanzania ilianza kuchanja watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo apime damu, akikutwa salama achanjwe. Mjamzito naye asikose kipimo hicho.