Bwawa la samaki Mugunga: tuhesabu maji mbele ya kuhesabu samaki

Tangu wachimbaji wengi watoke mu mashimo ya Masisi na kurudi Goma mikono mitupu, swali moja linarudi mu mikutano yetu ya sendika: tukiweka likelemba pamoja, hatuwezi kuchimba bwawa Mugunga na kufuga tilapia? Kuna hata aliyetaka kamba, wale Kinshasa wanaita kosakosa. Huyo tulimjibu haraka: kamba wa kufuga wengi ni wa maji ya chumvi, kama kule Mafia, pwani ya Tanzania, na wanaishi chini ya bwawa, pale hewa inaisha ya kwanza. Tubaki na tilapia. Lakini hata tilapia anavuta hewa, na hewa njo kesi ya Mugunga.

Mchana, ule ukijani wa maji unatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku, ukijani huo huo unaila, pamoja na samaki, pamoja na tope lenye kuoza. Saa kumi na moja ya asubuhi, mbele jua litoke, bwawa liko maskini kuliko saa zote. Ukikuta samaki wote wako juu wanafungua kinywa, usidanganyike ati wana njaa. Wanakosa hewa. Ukiwatupia chakula pale, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyobaki.

Sisi tuko karibu metre 1,460 juu ya bahari. Kwa joto la digrii 25, lita moja ya maji ku pwani inaweza kushika miligramu 8 hivi za oksijeni; hapa kwetu ni karibu 7. Tilapia anataka isishuke chini ya 3, na anakula vizuri ikifika 5. Nafasi ni ndogo.

Wataalamu wanasema: hewa ikipungua, badilisha maji, tuseme asilimia 10 ya bwawa. Ni rahisi kwa mtu mwenye kamto kando ya shamba. Mugunga haina mto. Mvua ikinyesha inapotea mu mawe ya volkano. Basi tufanye hesabu. Bwawa la metre 20 kwa 10, kina metre 1, ni lita 200,000. Asilimia 10 ni lita 20,000, ni kusema bidoni 1,000 za lita 20. Chukudu ikibeba bidoni 10, ni safari 100 toka ziwani, kwa mara moja tu! Na mama anapanga foleni juu ya bidoni moja ya kunywa. Nani atakubali tuwamwagie samaki bidoni elfu moja? Mimi sikubali.

Kwa hiyo bwawa likuwe dogo, lenye bashi ya plastiki chini, na samaki wawili kwa metre moja ya mraba, wasizidi, kama hakuna mashini ya kupuliza hewa. Tumbukiza mkono mpaka kiwiko: kama hauoni kiganja chako, maji imekuwa mazito, acha chakula na mbolea siku chache. Lisha jua likiisha kupanda, kisha alasiri mapema, hapana magharibi. Na yale maji kidogo unayopata, yaanguke toka juu, yapige jiwe, yapasuke, yabebe hewa njiani. Yanayotoka, yavute toka chini ku tope, yaende ku bustani ya lengalenga.

Kuna wenye kusema: tuweke vizimba ndani ya ziwa, sawa wenzetu wa Rwanda. Kweli, ziwa linabadilisha maji bure. Lakini Kivu si sawa maziwa mengine. Chini ya metre 60 hivi hakuna oksijeni, kuko gazi ya kaboni na metani. Na ku ghuba la Kabuno, upande wa Sake, maji yenye hewa ni kama metre 10 tu za juu. Tena nyavu zinataka kusuguliwa kila mara, la sivyo ukijani unaziba na maji hayapiti. Pesa ya vizimba, likelemba yetu haina.

Kumebaki jambo moja, na hapa naongea sawa mchimbaji. Mugunga na Bulengo kuna mazuku, gazi ya kaboni inayotoka mu nyufa za ardhi. Haina rangi, ni nzito kupita hewa mara moja na nusu, basi inalala mu mabonde, na usiku bila upepo inajaa. Mbuzi wanakufa mule, na watu walikufa. Sasa fikiri: bwawa tunalichimba wapi? Mu bonde, ili litunze maji. Na nani anashuka kulitazama saa kumi na moja ya asubuhi? Mlinzi peke yake, na akiinama ku maji, kichwa chake kinaingia ndani ya ile gazi.

Mbele ya kupiga jembe, tuwaulize watu wa OVG, na wazee wa pale wanaojua fasi ndege wanakutwa wamekufa. Kisha sheria ya shimo ifuatwe ku bwawa pia: mwenzako akianguka, hauruki nyuma yake, unamvuta toka juu kwa kamba aliyofungwa mbele ya kushuka. Mshumaa ukizimika, toka. Ukibaki kuwaka, hiyo si ruhusa. Mbele jua lipande na upepo uanze, hakuna kushuka, hata samaki wakifa. Walinzi wawe wawili, na mshahara wa yule wa pili uandikwe mu hesabu tangu siku ya kwanza, mbele ya mtu kutoa franga moja.