Je, Wajua? Mike Tyson aliwahi kulia kabla ya pambano

Mwaka 1982, kwenye mashindano ya ndondi ya vijana huko Colorado, Marekani, Mike Tyson alisimama nje ya ukumbi akilia begani kwa kocha wake, Teddy Atlas. Alihofia kushindwa na kuaibika. Kisha akaingia ulingoni, akashinda. Mwaka 1986 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, akiwa na miaka 20 tu!

Mlezi wake, Cus D'Amato, hakuwaambia mabondia wake wasiogope. Aliifananisha hofu na moto: ukiutawala unakupikia, ukikuponyoka unakuunguzia nyumba.

Mwilini, hofu huamsha homoni ya adrenalini. Moyo hudunda, viganja hutoka jasho, pumzi hubana. Na anayebana pumzi huchoka mapema, hata kama hajapigwa ngumi ya maana. Kwa hiyo ule ukelele wa karate, kiai, si mbwembwe za sinema. Humlazimisha mpiganaji kutoa pumzi anapopiga. Kwenye judo nako hofu ya kuanguka hushughulikiwa mapema: mwanafunzi huanza kwa kufundishwa kuanguka, puu! puu! mkekani, kabla hajaruhusiwa kumwangusha mtu.