Juma Moja la Sinema

Apitaye Vuga, mjini Unguja, hawezi kukosa kuliona jumba la Majestic. Mahali hapo palikuwa na jumba la Royal, lililofunguliwa mwaka 1921 kwa ramani ya J. H. Sinclair, afisa wa Kiingereza aliyeacha alama yake katika majengo mengi ya mji huu. Royal liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na juu ya kiwanja hicho hicho pakajengwa Majestic, lililokamilika mwaka 1955. Watu wa wakati ule walipounguliwa hawakukaa wakatazama majivu, walijenga. Jumba la pili halikuunguzwa na moto. Limeliwa na miaka, paa likaharibika, na mvua ikaingia mahali walipokuwa wakikaa watu.

Leo hatuandiki kwa kuzililia kuta. Tunaandika juu ya kile kilichokuwa kikitendeka ndani ya kuta hizo, ambacho visiwa vyetu vimekikosa kwa muda mrefu, na kutoa rai kwamba chaweza kurudishwa kwa jambo dogo: kila wilaya ya Unguja na Pemba iwe na ukumbi mmoja mdogo, na katika ukumbi huo lianzishwe juma moja la sinema.

Wazee wetu wanazikumbuka Jumapili za zamani. Filamu mpya ya Kihindi ikiletwa, mstari wa kununua tiketi ulijaa barabarani, na aliyechelewa aliipata kwa mlanguzi kwa bei ya juu. Waliokuja kutazama Awara ya mwaka 1951, au Mother India ya mwaka 1957, wengi wao hawakujua neno la Kihindi, lakini walimwelewa mama anayelima shamba lenye deni, na mtoto aliyekataliwa na baba yake. Mahadhi ya filamu hizo yakaingia katika taarab yetu. Nakala moja ya filamu iliweza kuhudumia majumba mawili kwa usiku mmoja: mkanda wa kwanza ukimalizika huku, kijana aliupakia kwenye baiskeli akaukimbiza kule, na akichelewa njiani watazamaji walijua kupiga kelele. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa akina mama wengi hiyo ilikuwa nafasi yao ya kutoka kwa heshima na kuonana.

Faida yake haikuwa picha tu. Mchukuzi wa bandarini na karani wa serikali walicheka pamoja chini ya paa moja, ingawa kwa tiketi za bei mbalimbali, na asubuhi yake sokoni kila mtu alikuwa na neno la kusema juu ya jambo ambalo mwenzake naye ameliona.

Mambo yakabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, miaka 20 hivi kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chochote. Baadaye zikaja kanda za video, majumba yakapungukiwa na watu, na mengine yakageuzwa maduka. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, kwani ukumbi usio na watu haulipi hata taa zake. Siku hizi picha zimo mkononi mwa kila mwenye simu. Lakini kila mmoja anatazama yake, peke yake, na nyumba moja yaweza kuwa na watu watano wanaocheka na kulia kwa sababu tano mbalimbali.

Ni haki kukumbuka kwamba tangu mwaka 1998 Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar limewakusanya watazamaji katika Ngome Kongwe, na limekuwa na desturi ya kupeleka maonyesho katika vijiji vya Unguja na Pemba. Desturi hiyo ni njema, nayo imeonyesha kuwa mtu wa shamba hupenda sinema kama mtu wa mjini. Lakini mgeni akishakunja pazia lake na kuondoka, kijiji hubaki na kumbukumbu. Tunalolitaka sisi ni pazia linalobaki, likitunzwa na wenyeji wenyewe.

Juma lenyewe laweza kupangwa hivi. Kwa hesabu ya Waswahili juma huanza Jumamosi, basi na tuanzie hapo. Asubuhi iwe ya watoto. Usiku, baada ya sala ya Isha, watu wazima waonyeshwe Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inayosimulia maisha ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu hiyo ilionyeshwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 2021. Haifai watu wa mbali waijue kuliko mtu wa Mkoani au wa Makunduchi.

Jumapili iwe ya wazee na filamu zao za Kihindi, na vijana waje wasikie nyimbo za babu zao zilikotoka. Jumatatu, baada ya Alasiri, iwe ya wanawake peke yao. Jumanne zionyeshwe picha za kazi: uvuvi, kilimo cha mwani, hifadhi ya mikoko, na maafisa wa idara zinazohusika wawepo kujibu maswali. Jumatano ionyeshwe Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyotengenezwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo inaligusa suala la hospitali na tiba ya kienyeji. Filamu hiyo haifiki saa moja, kwa hiyo daktari na mganga wapate muda wa kuzungumza mbele ya watu. Alhamisi iwe ya vijana wa mahali hapo walete picha fupi walizozipiga wenyewe, hata kama ni kwa simu. Ijumaa ukumbi upumzike, na kamati isome hesabu hadharani: tiketi ngapi zimeuzwa, fedha zimekwenda wapi.

Vifaa si vingi. Panahitajika projekta, ukuta uliopakwa chokaa au shuka jeupe, vipaza sauti, viti, na jenereta ya akiba. Hili la jenereta tusilidharau. Kisiwa kilichokaa gizani mwaka 2008, kikarudi tena gizani kwa miezi kadhaa kuanzia Desemba 2009, kinajua umeme ni nini na kukosa umeme ni nini.

Wapo watakaosema kwamba sinema huharibu vijana. Neno hilo si la kupuuzwa, wala wanaolisema si watu wa kudharauliwa. Lakini na tujiulize: kijana aliyejifungia chumbani na simu yake, nani anajua anatazama nini? Ukumbini filamu imepita kwanza kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, imechaguliwa na kamati ambamo wamo wazee wa mtaa, na anayeitazama amekaa kati ya mjomba wake na mwalimu wake.

Kwa Serikali tuna maombi matatu. Kwanza, kumbi za skuli na za jumuiya ambazo usiku hufungwa kwa kufuli ziruhusiwe kutumika kwa kazi hii. Pili, kibali kiwe kimoja na kitolewe katika wilaya, ili mtu wa Kojani asipande chombo mara tatu kufuata mihuri ya onyesho moja. Tatu, uamuzi juu ya Majestic usiachiwe mvua. Kama litatengenezwa, litengenezwe. Kama linangoja mfadhili, wananchi waambiwe linangoja nini.

Kwa wananchi tuna ombi moja. Tiketi ilipwe, hata ikiwa ya bei ndogo, kwani kitu kilichotolewa bure hakuna anayekisimamia kinapoharibika. Kiti kikivunjika kitengenezwe na waliokikalia.

Hatusemi kwamba juma moja litarudisha zama za Royal na Majestic. Tunasema kwamba watu 200 wakikaa pamoja usiku mmoja, wakatazama jambo moja na kulijadili hadi taa zinapozimwa, watakuwa wameanza tena mazoea ya kusikilizana. Na hilo laweza kuanza katika ukumbi wa skuli, kwa shuka moja jeupe, wakati uamuzi wa Vuga ungali ukingojwa.