Vilimi vya Chuma: Utangulizi kwa Msomaji wa Likasi

Ukimwuliza mtu wa Likasi muziki wa mji wake ni upi, atakujibu gitaa, na atakuwa amejibu sawa. Mwaka 1952, mji ukingali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alimkuta hapa kijana wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda, akamrekodi akipiga «Masanga» kwa kidole gumba na cha shahada. Kwa nini basi nakukaribisha kwenye akordeoni? Kwa sababu gitaa lile hatutalielewa vizuri mpaka tuliweke kando ya ala nyingine iliyotoka Ulaya kama lenyewe, ikakutana na masikio ya Kiafrika, ikafuata njia tofauti kabisa.

Ifungue akordeoni uitazame ndani. Mna safu za vilimi vya chuma cha pua, kila kimoja kimefungwa kwa ribiti upande mmoja juu ya tundu lake, na vibamba vyake vimegandishwa kwa nta. Mvukuto ukisukuma hewa, kilimi hutikisika: kirefu hutoa sauti nene, kifupi nyembamba. Mvukuto si mgeni katika nchi hii. Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba kwa mivukuto zamani kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906.

Jambo la kushika ni hili: sauti ya kilimi imekwisha kuamuliwa na fundi aliyekitengeneza. Mpiga gitaa anaweza kukaza waya au kuulegeza kabla ya wimbo. Mpiga akordeoni hana kigingi cha kuzungusha. Swali la taaluma yetu ya muziki limo humo. Ala yenye sauti zilizofungwa ikifika kwa watu wenye sauti zao, nani atamfuata mwenzake?

Mafundi wa Misri walijibu kwa tupa. Kilimi kikikwanguliwa kwenye ncha, sauti hupanda. Kikikwanguliwa karibu na ribiti, hushuka. Kwa subira hiyo walizipata robo toni za maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambazo kiwanda cha Ulaya hakikuziweka. Zanzibar, ambako taarab ilijifunza mengi kutoka Kairo, vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club vimeikalisha akordeoni pamoja na fidla, udi na qanun, navyo vyote hufuata wimbo mmoja. Wakikuyu wa Kenya hawakuhitaji tupa: katika ngoma yao ya mwomboko, akordeoni ilipewa karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa, na hatua za wachezaji zikaiwekea mwendo.

Kwetu Kongo jina la kwanza kulishika ni Camille Feruzi. Alirekodi Léopoldville kwa Ngoma, kampuni iliyoanza 1948, na miaka ya 1970 akapiga pamoja na OK Jazz, bendi ya Franco. Kwa maoni yangu, yeyote anayeandika historia ya rumba kana kwamba ilizaliwa na magitaa peke yake hajamsikiliza Feruzi.

Muziki wa klasiki ulichelewa kuipa heshima ala hii, ingawa Cyrill Demian aliiandikishia hataza Vienna tangu 1829. Tchaikovsky alitia akordeoni nne katika Suti yake ya 2 mwaka 1883. Berg, katika opera yake «Wozzeck» ya 1925, aliipa kazi ya kilabuni tu. Sofia Gubaidulina ndiye aliyefika ndani kweli. Katika «De profundis» ya 1978 mvukuto unapumua bila noti, na pumzi hiyo yenyewe ni muziki. Aliyekulia karibu na harmoni ya misheni atalitambua jambo hilo upesi, maana nayo inaimba kwa vilimi vya hewa.

Kazi iliyobaki iko karibu nawe. Nenda kwa wazee wa Kikula, Panda na Shituru, uwaulize nani alikuwa na akordeoni, aliipigia wapi, na nyimbo za nani. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ala ikipatikana, andika hali ya vilimi vyake kabla kutu haijavila.