Wimbo Usio na Neno ni Debe Tupu

Jumapili asubuhi, kengele ikishapigwa, watu hutoka mashambani na majumbani wakaelekea kanisani. Mkulima amejiosha tope la jana. Karani amevaa suruali iliyopigwa pasi. Mama amembeba mtoto mgongoni na kitabu cha nyimbo ki mkononi mwake. Ibada ikiisha, waulizwe njiani mhubiri alisema nini, na wengi watakuwa wamekwisha kusahau nusu yake. Lakini wimbo ulioimbwa hawakuusahau. Jumatatu utasikika tena kati ya mistari ya mahindi, na ofisini kwa sauti ya chini nyuma ya majalada.

Jambo hili laonekana dogo, walakini si dogo. Mahubiri husikiwa mara moja, bali wimbo hurudiwa mara mia, na kile ambacho ulimi hukirudia mara mia moyo hukipokea hatimaye kuwa ni kweli. Hii ndiyo sababu wazee wa Kanisa, tangu zamani za mitume, hawakuyaacha maneno ya nyimbo yawe kazi ya mwenye sauti nzuri tu. Waliuliza daima: Maneno haya yametoka wapi? Yafundisha nini juu ya Mungu? Na yule aimbaye, je, aelewa asemacho?

MAANDIKO YENYEWE YASEMAVYO

Katika Biblia wimbo hufuata tendo la Mungu. Waisraeli walipovuka Bahari ya Shamu ndipo Musa na Miriamu walipoimba, na wimbo wao katika Kutoka mlango wa 15 ni habari ya yale yaliyotendeka. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 25, imeandikwa kwamba waimbaji 288 walifundishwa kazi hiyo kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Hawakuokotwa njiani, walisomeshwa.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliweka neno la Kristo kwanza, likae ndani yao kwa wingi, kisha akataja zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni kuwa njia ya kufundishana na kuonyana. Yafaa kuutazama mpango huo: neno hukaa kwanza, wimbo hutoka baadaye. Na Wakorintho aliwaambia kwamba ataimba kwa roho, tena ataimba kwa akili. Nabii Amosi naye, mlango wa 5, alitangaza kwamba Mungu amechoka na kelele za nyimbo za watu wasiotenda haki. Basi sauti tamu peke yake haikumpendeza Mungu zamani, wala haina sababu ya kumpendeza leo.

VITA VYA NYIMBO

Watu wengine hudhani kwamba mafundisho ya dini hupiganiwa katika vitabu vinene tu. Historia yaonyesha kwamba yalipiganiwa katika nyimbo pia. Katika karne ya 4 Ario wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili mafundisho yake yaenee bandarini na njiani. Alifahamu kwamba mtu asiyeweza kusoma aweza kuimba.

Wapinzani wa mafundisho ya namna hiyo walijibu kwa silaha ile ile. Efraimu wa Shamu, aliyefariki mwaka 373, alitunga nyimbo nyingi za mafundisho na kuziweka vinywani mwa makundi ya wanawake waimbaji. Mwaka 386 Askofu Ambrosio wa Milano alipozingirwa kanisani pamoja na watu wake, aliwafundisha kuimba tenzi na zaburi ili wasizimie mioyo kwa huzuni. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, alikuwa Milano siku zile, naye akaandika baadaye jinsi nyimbo zile zilivyomtoa machozi. Lakini mtu huyo huyo aliungama pia kwamba alijiona amekosa kila mara sauti ilipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Ungamo hilo lina umri wa miaka zaidi ya 1,600, na hata leo lamfaa kila kiongozi wa kwaya alitie akilini.

WATU WALIPOPEWA KUIMBA

Katika Ulaya ya Magharibi, kwa karne nyingi, sehemu kubwa ya uimbaji wa ibada ilikuwa ya makasisi na watawa, kwa Kilatini. Martin Luther alitaka mkulima wa Ujerumani aimbe kwa lugha yake. Mwaka 1524 kilipigwa chapa kijitabu chenye nyimbo 8 tu, na nne katika hizo zilikuwa zake. Wimbo wake ulio mashuhuri kuliko zote, ule wa Mungu aliye ngome, umejengwa juu ya Zaburi ya 46. John Calvin alikaza kamba zaidi: katika Geneva watu waliimba zaburi, na mwaka 1562 zaburi zote 150 zilikuwa zimekwisha kutiwa katika mashairi ya Kifaransa.

Katika Uingereza Isaac Watts aliona neno lingine. Alisema moyoni: ikiwa Mkristo huimba Zaburi za Daudi tu, ataliimba lini jina la Yesu waziwazi? Mwaka 1719 alitoa zaburi zilizotungwa upya kwa nuru ya Agano Jipya. Zaburi ya 72, iliyo sala kwa ajili ya mfalme, aliigeuza ikawa wimbo wa ufalme wa Kristo duniani kote. Baada yake akaja Charles Wesley, aliyetunga nyimbo zaidi ya 6,000. Nduguye John alikusanya 525 katika kitabu cha mwaka 1780, akazipanga kufuata safari ya mwamini, toka kutubu hata kukamilishwa, maana alitaka kitabu hicho kiwe chuo kidogo cha mafundisho ya dini mkononi mwa mtu maskini.

Hivyo pande mbili zilionekana. Upande mmoja husema, tuimbe Maandiko yenyewe. Upande wa pili husema, tuimbe maana ya Maandiko. Lakini hakuna upande uliosema kwamba maneno si kitu.

NYIMBO ZILIPOFIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada yake wamisionari wengi wakaja na vitabu vya nyimbo vya kwao. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na tafsiri ya Union mwaka 1952. Nyimbo nazo zilifasiriwa, na mpaka sasa vitabu kama Tenzi za Rohoni vimo katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Pwani ya Waswahili haikukosa ufundi wa kufundisha dini kwa mashairi. Watunzi Waislamu walikuwa wametunga tenzi za dini muda mrefu kabla ya misheni, kila mstari mizani 8. Lakini wafasiri wengi wa nyimbo za Kikristo hawakufuata bahari hizo. Walichukua sauti ya Ulaya kama ilivyo, wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kuijaza.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Neno la Kiingereza la neema lina silabi moja tu. Kiswahili chahitaji tatu. “Roho Mtakatifu” huchukua silabi saba, na “kuhesabiwa haki” saba vilevile. Katika mstari wa silabi nane mfasiri aliyeandika “kuhesabiwa haki” amebakiwa na silabi moja ya kusema nani amehesabiwa haki, na nani, na kwa sababu gani. Basi imempasa kupunguza. Beti iliyokuwa na mambo manne hubaki na mawili. Ikiwa mfasiri ni mwanafunzi hodari wa Maandiko, atabakiza kiini na kutupa pambo. Kama sivyo, atabakiza pambo na kiini kitapotea, na waimbaji hawatajua kilichotupwa.

Tena kuna mkazo wa sauti. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili toka mwisho: Mungu, Bwana, Mwokozi. Sauti nyingi za Kiingereza hukaza silabi ya mwisho wa mstari, na neno huvutwa kinyume cha desturi yake. Katika lugha kama Kikuyu, Kikamba na Kihaya jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Sauti ya kigeni ikipanda mahali ambapo neno hushuka, msikilizaji huweza kusikia neno jingine kabisa. Hapo mtu haimbi tena kwa akili kama Mtume alivyotaka.

MASHINA YA HAPA HAPA

Wenyeji hawakukaa kimya. Katika uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, na kuletwa Kabete mwaka 1937, pambio la Kiganda, Tukutendereza, lilivuka mipaka ya makabila. Ni fungu fupi la sifa kwa Yesu na kwa damu yake isafishayo, na fundisho lake limo katika 1 Yohana 1:7. Mtoto aweza kulishika, wala halikumpungukia mzee. Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, wako watu wa uamsho waliokataa kula kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Kristo; na wengi wao walikataa pia kushika silaha upande wa Serikali. Baadhi yao waliuawa. Yale waliyoyaimba kila mkutano ndiyo waliyoyasimamia usiku ule walipobishiwa mlango.

Katika Tanganyika, padre Stephen Mbunga aliandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichotoka mwaka 1963. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia. Hati hiyo iliheshimu muziki wa mataifa, tena iliagiza kwamba maneno ya nyimbo za ibada yapatane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika vitabu vya ibada. Upande wa Walutheri, katika chuo cha Makumira karibu na Arusha, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake kutunga nyimbo kwa sauti za kwao. Katika miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka, “Mfurahini, Haleluya”, akieleza habari ya malaika na wanawake kaburini. Wimbo huo ulifasiriwa, ukaingia katika makanisa ya Ujerumani. Nchi ya Luther, iliyoleta nyimbo huku, nayo ikapokea wimbo kutoka huku.

SI NENO LA NGOMA

Wamisionari wengi wa kwanza walikataza ngoma kanisani. Leo wako wazee wanaolalamika juu ya magitaa na vipaza sauti, na vijana wanaowaona wazee hao kuwa wamepitwa na wakati. Ugomvi huo hukosa shabaha. Zaburi ya 150 yataja matari, zeze na matoazi yavumayo, wala haiwaoni kuwa wenye makosa wale wanaocheza. Chombo si kosa. Kosa ni chombo kuvuma na neno kutokuwapo. Debe tupu, wahenga walisema, haliachi kuvuma.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya, kabla ya kuwafundisha watu wimbo mpya, afanye kama mkulima achaguaye mbegu. Kwanza ausome wimbo bila sauti, kama barua, aone kama una maana. Pili aulize ni mahali gani katika Maandiko fundisho lake lilipo. Kama hapana mahali, auweke kando, hata kama watu waupenda. Tatu aangalie wimbo wamsema nani zaidi, Mungu au mwimbaji. Nne aulize kama waweza kuimbwa kwa mtu aliyefiwa na mtoto, au kwa mtu ambaye mvua imemnyima mavuno. Wimbo unaoahidi mali kwa kila aaminiye hunyamaza upesi mbele ya kaburi. Wimbo wa kweli haunyamazi.

Mwisho wa yote jaribio la wimbo haliko kwenye mashindano ya kwaya, wala kwenye vikombe vya fedha. Liko kitandani kwa mama mzee ambaye hakupata kusoma, na ambaye macho yake sasa hayaoni hata taa. Hana Biblia awezayo kuifungua. Alicho nacho ni zile nyimbo alizoimba miaka sitini. Ikiwa walizijaza Neno, basi huyo mama ana maktaba nzima moyoni, wala hakuna awezaye kumnyang'anya. Ikiwa walizijaza upepo, basi walimnyima posho ya safari ndefu kuliko zote. Hao waliomchagulia nyimbo, pengine bila kufikiri sana, ndio waliomfungia mzigo wake.