Kusasisha, Kuboresha na Kuweka Upya: Istilahi Tatu za Kishikwambi

Makala haya mafupi yanachunguza vitenzi vitatu vinavyohusishwa na mfumo endeshi wa kishikwambi: kusasisha, kuboresha na kuweka upya. Suala hili si la kinadharia tu. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na mwalimu anayeelewa vibaya kitenzi kimoja aweza kupoteza maandalio ya masomo ya muhula mzima.

Kimofolojia, sasisha imeundwa kwa kuambatisha kiambishi -ish- kwenye neno sasa. Mchakato wenyewe si mgeni: imara huzaa imarisha, hakika huzaa hakikisha, na bora, kwa sababu ya upatanifu wa irabu, huzaa boresha. Kinachoipambanua sasisha ni kwamba shina lake lataja wakati, wala si sifa. Kwa hiyo maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, bila ya kudai kuwa kitakuwa bora. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaotumia boresha kwa maana hiyohiyo. Toleo jipya aghalabu huziba mianya ya usalama, lakini chombo cha zamani chaweza kupungua kasi na baadhi ya programu zikakataa kufanya kazi. Hata nambari za matoleo si kipimo cha ubora: mwaka 2025 kampuni ya Apple iliruka kutoka iPadOS 18 hadi iPadOS 26, ili nambari iashirie mwaka unaofuata.

Kisemantiki, sasisha hubeba vitendo kadhaa kwa mfuatano. Faili hupakuliwa, sahihi yake ya kidijitali huhakikiwa ili kuthibitisha kuwa imetoka kwa mtengenezaji, husakinishwa, kisha chombo hujizima na kujiwasha. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, chombo chaweza kuundwa kikiwa na sehemu mbili za mfumo. Toleo jipya husakinishwa katika sehemu isiyotumika, na likishindwa kuwaka, chombo hurudia lile la awali. Katika hatua zote hizo hati na picha za mtumiaji hukusudiwa kubaki mahali pake, ingawa ni busara kuweka nakala ya akiba kwanza na kuhakikisha kwamba betri ina chaji ya kutosha.

Kuweka upya ni jambo jingine kabisa. Kielezi upya chaweza kufasiriwa kuwa "mara nyingine", na pia "katika hali ya upya", yaani kama chombo kilivyotoka kiwandani. Fasiri hii ya pili ndiyo inayofuta kila kitu. Utata huzidi pale washa upya na sakinisha upya zinapotokea jirani. Mwenzetu mmoja aliyekusudia kusasisha alichagua weka upya, akapoteza insha za wanafunzi alizokwisha kuzisahihisha. Sisi tungependekeza futa yote na urejeshe hali ya kiwandani: kirai kirefu, ni kweli, lakini kinachomwonya mtumiaji kabla kidole hakijagusa kioo.